Kiti cha Mbele cha Fundi Hamida

Rwezamenyo, Kigali
Kiangazi, 1992

Fundi Hamida,

Tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Hapo naomba nipite, na wewe usinicheke. Hali yangu mimi ni tumbo. Suruali niliyojishonea kwa ajili ya Idi haifungi kifungo cha juu, na ubaya wa kuwa fundi ni kwamba huna mwingine wa kumgombeza.

Nimekaa chumbani kwako, kwenye meza ya kukatia. Wasichana wameshaondoka, jua bado liko sakafuni upande wa dirisha, na redio ya jirani inaongea peke yake kama kawaida yake. Karatasi ninayoandikia utaijua ukiishika: ni ile ya mifuko ya saruji, tunayoipangusa na kuikata mraba ili wanaoanza washone juu yake bila uzi. Kalamu inaruka kila inapokutana na tundu la sindano. Matundu yenyewe kwenye ukurasa huu yanakwenda kama mbuzi aliyekata kamba. Siyo yangu, kabla hujauliza. Ni ya msichana mmoja ambaye hukumjua, na ndiye hasa aliyenifanya niandike. Nitamfikia.

Mwaka umekwisha tangu tukuzike, na miezi mitatu juu yake. Siku zile za mwisho nilikuja kukaa na wewe kila alasiri. Nakumbuka mguu wako wa kulia ulikuwa unatikisika chini ya shuka: juu, chini, unasita kidogo, juu tena. Nikaona umeshikwa na ganzi. Nikaomba mafuta, nikaupakata huo mguu, nikaanza kuukanda kwa bidii zangu zote, na unazijua bidii zangu. Ukanivumilia kidogo, halafu ukasema, "Sudi, uache mguu wangu. Uko kazini." Binti yako Zena alicheka mpaka akatoka nje. Nami nikacheka. Sikuuliza uko kazini kufanya nini. Ndivyo nilivyo, kuuliza huwa nakumbuka mtu akishaondoka.

Baada ya mazishi chumba kilifungwa miezi mitatu. Kisha Zena akaja kibarazani kwangu na ufunguo. Unamjua: mashine yake yeye ni ya kuandikia barua za ofisini, ya kushonea hata hajui uzi unaingilia wapi. Akaniwekea ufunguo juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akasema, "Baba Sudi, wasichana wananiuliza kila siku. Wewe ndiye ulikuwa mwanafunzi bora wa mama. Umelisema mwenyewe miaka yote."

Na kweli nilikuwa nimelisema. Nimelisema harusini, nimelisema misibani, nimewaambia wateja waliokuja kupunguza urefu wa kanzu tu na walikuwa na haraka zao. Kwamba mwaka nilioingia mikononi mwako, nikiwa na miaka kumi na sita, ulinitoa nyuma kati ya wanafunzi kumi na wawili, ukaniweka kiti cha mbele, karibu na mlango, ukawaambia wote wafuate mguu wangu. Mguu wangu! Nimeishi miaka thelathini juu ya mguu huo. Sasa ningeukataaje ufunguo?

Basi nikafungua. Nikafanya kila kitu ulivyokuwa ukifanya, au nilidhani hivyo. Viatu mlangoni, maana ulikuwa ukisema kiatu hakisikii. Mashine kumi na mbili za kukanyaga, sindano zimetolewa, uzi hakuna, kitambaa hakuna, mikono imelala tu juu ya meza. Robo saa ya kwanza ya kila asubuhi ni miguu. Wote wanakanyaga pamoja mpaka mashine zote zinakuwa kama mashine moja kubwa inayopumua. Halafu unainua mkono, upande wa dirisha wananyamaza, upande wa ukuta wanaendelea. Unaushusha, walionyamaza wanarudi ndani taratibu bila kugongana na wenzao. Halafu viganja juu ya meza, mara moja kila mkanyago wa nne, kidogo tu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

Tulikuwa tukiingia hapa na vichwa vimejaa maneno ya njiani, na robo saa baadaye mabega yameshuka, macho yamelainika, hakuna aliyesinzia na hakuna aliyekakamaa. Hapo ndipo ulipokuwa ukisema, "Haya, tieni uzi." Na ukiona mtu ameikodolea sindano macho, ulimgusa shavu kwa utepe wako wa kupimia: "Itazame kama unavyomtazama mtoto aliyelala. Humwachi, lakini pia humwamshi."

Hayo yote niliyakumbuka vizuri. Kisha nikajiweka kiti cha mbele. Nani mwingine?

Tatizo, Fundi, ni kwamba mguu wangu wa sasa una miaka thelathini ya haraka ndani yake. Mteja anataka suruali kabla ya magharibi, mwingine anasafiri kesho, na mguu umezoea hivyo. Nikakanyaga kama ninavyojua, wasichana wakanifuata kwa pumzi za juu juu. Ungepita nje ungedhani tunashindana baiskeli. Wenye nguvu wakanipita. Wenye hofu wakaachwa, na magurudumu yao yakaanza kurudi nyuma, maana unazijua mashine zako: mguu ukisita kidogo tu, gurudumu linageuka lilikotoka, na kama kuna uzi, unakatika papo hapo. Nikachukua rula ya mbao nikawa napiga meza ili kuwasawazisha. Nikapiga sana. Mwisho rula ikapasuka, na tulipotia uzi msichana mmoja akajishona kidole.

Halafu nikafanya jambo ambalo ningependa usilisikie, lakini huko uliko bila shaka wameshakuletea. Nilinunua firimbi.

Ngoja nieleze. Niliwaza kwamba rula haisikiki juu ya mashine zote hizi, na firimbi itasikika. Mtu mwenye akili angekumbuka kwanza mji ulivyo. Ulituacha na vita huko mpakani. Tangu uondoke, vyama vimekuwa vingi, na vijana wao wanapita barabarani na kofia za rangi zao wakipuliza firimbi, na zikisikika karibu, watu wanaingiza watoto ndani na kufunga madirisha. Siku hizi mtu anasikiliza hata jirani yake anavyotembea. Mimi nikasimama mbele ya wasichana kumi na mmoja wenye masikio yaliyosimama namna hiyo, nikajaza mashavu, nikapuliza.

Wawili waliingia chini ya meza. Watatu walipita mlangoni bila viatu. Mmoja alitokea dirishani, lile dogo la nyuma, na mpaka leo sijui alipitaje. Haikupita nusu saa, mama wa msichana mmoja anayeitwa Aziza akaja amejifunga kitenge kiunoni: "Fundi Sudi, hii chumba imeingia chama gani? Tuambie, tujue kofia ya kununua!"

Mtaa mzima ulicheka. Nilicheka nao, unajua nacheka haraka. Lakini wasichana hawakurudi wote. Wakawa tisa, wakawa saba. Firimbi niliitupa chooni, na wasichana waliendelea kupungua. Kufikia mvua za mwaka huu walikuwa sita, na wa sita alikuwa mgeni.

Ndiye huyo wa matundu. Anaitwa Konsolata. Aliletwa na shangazi yake anayekaa Kagugu. Nyumbani kwao ni kaskazini, wamekimbia vita, na alikuja na nguo mbili na rozari shingoni, akanisalimu kwa mikono yote miwili. Anatembea kutoka Kagugu mpaka hapa, fikiria, na akifika anaipangusa miguu vumbi mlangoni kwa pindo la kitenge chake kabla ya kuingia. Mkono wake ni mzuri, mkasi unamtii kuliko unavyonitii mimi. Lakini mguu! Akikanyaga mara mbili, ya tatu anasita, gurudumu linarudi. Upepo ukipiga mlango, linarudi. Muuza mkaa akipaza sauti huko nje, linarudi. "Fundi, mguu iko inakataa," ananiambia, huku anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

Nikamweka nyuma kabisa, pembeni, ili asiwaharibie wenzake mwendo. Naona haya kuiandika sentensi hiyo. Lakini ndivyo nilivyofanya, na siku ile nilijiona nimemhurumia.

Zena hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikuja jioni moja, akatazama viti vitupu, akasema, "Baba Sudi, kuna mtu wa Remera anazitaka mashine zote kwa pamoja. Na chumba wanakiomba kiwe stoo ya soda. Nimemwambia angoje kwanza tusome hitima ya mama." Akaiangalia mashine yako, ile nyeusi ya dirishani, ambayo maua yake ya dhahabu umeyamaliza kwa kiganja miaka yote.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Zote," akasema, na akatoka haraka.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Sikuwa na wa kumwambia. Unajua tangu mke wangu atangulie, chai yetu ya saa nne ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Wewe na pini zako mdomoni, unaongea kwa upande mmoja wa midomo kama mtu anayeficha siri, na kila andazi ukiligawa unanipa nusu kubwa, halafu unanisema kwa unene. Bado nanunua maandazi mawili, Fundi. La kwako naliweka kwenye meza ya mashine yako, juu ya karatasi. Nalitazama dakika chache. Halafu nalila. Suruali sasa umeielewa.

Nilikuwa nakaa hapa saa hiyo, wasichana wako nje kwenye jua, nasikia wanavyoongea chini chini wasije wakanisumbua, na nawaza kwamba ulinipa chumba kilichokuwa na pumzi na mimi nimekifanya ghala kabla ya hao wa soda.

Hitima tuliisoma humu humu, mashine tumezisogeza ukutani. Salima alikuja kutoka Remera. Salima wako, aliyekuwa akikaa nyuma yangu enzi zile. Sasa anauza vitambaa, na sauti haijapungua hata kidogo. Baada ya dua, sahani za pilau zikiwa mikononi, mtu mmoja akaniuliza nilikujuaje, nami nikaanza wimbo wangu: mwaka ule, kiti cha mbele, mguu wangu. Sikufika mwisho. Salima aliweka sahani chini.

"Wewe? Bora? Mama we! Sudi, wewe ulikuwa gogo!"

Watu wakageuka.

"Gurudumu yako ilikuwa inarudi nyuma kila siku, kama ng'ombe inakataa kuvuka mto. Miezi miwili! Sisi tunataka kwenda, Fundi anasema hapana, fuateni Sudi. Nilikuchukia, wallahi. Nilikuwa naota nakusukuma na kiti yako mpaka barabarani."

Nikasema labda ananichanganya na mtu mwingine. Akasema mguu ule hauwezi kuchanganywa na mwingine duniani. Akasimulia, mbele ya wote, kwamba siku moja alikufuata uani akalia, akakuuliza kwa nini aliye mzito kuliko wote ndiye awekwe mbele. Nawe ulikuwa na pini zako mdomoni, ukamjibu, "Akikaa nyuma mtamwacha bila kujua. Akikaa mbele mtamsikia."

Na kwamba ulifanya hivyo kila mwaka. Kiti cha mbele, karibu na mlango, kilikuwa cha mwenye mguu mzito. Wenzake wote walikuja kujua, isipokuwa yeye mwenyewe.

Miaka thelathini, Fundi! Miaka thelathini najisifu mbele ya watu ambao sasa nakumbuka walikuwa wanakohoa. Nilidhani ni vumbi la pamba. Na wewe ulikuwepo mara ngapi, unanimiminia chai, huku mimi nausimulia mguu kwa mgeni? Hata siku moja hukukohoa.

Nilipokuwa nimeinamia pilau nisionekane uso, Salima akaja akakaa karibu yangu. Akaongea chini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Lakini nikwambie, Sudi. Mpaka leo nikishona peke yangu na moyo iko inanisumbua, mguu yangu inarudi kwa ile yako. Ile mbovu. Inaenda, inasita, inangoja, inaenda. Ndiyo natulia nayo."

Nilitoka nje kama mtu anayekwenda kunawa mikono. Nikiwa pale kwenye birika nikaukumbuka mguu wako chini ya shuka. Juu, chini, unasita kidogo, juu tena. Sidai kwamba ulikuwa unaufuata wangu. Nimeshadai vya kutosha maishani mwangu. Lakini niliushika huo mguu kwa mikono yangu miwili, Fundi, na nikaupaka mafuta badala ya kuusikiliza.

Jumatatu yake nilimwita Konsolata. Sikumweleza chochote, hilo nimejifunza kwako ingawa kwa kuchelewa. Nilimwambia tu kwamba kiti cha mbele kina mwanga mzuri. Wenzake nikawaambia, "Mguu wa leo ni wa Konsolata."

Aziza akaguna. "Huyu? Fundi, tutafika lini?"

Nikamwambia hatuendi popote, tuna robo saa na mlango umefungwa. Mimi nikaenda kukaa kule nyuma, pembeni, kwenye kiti nilichokuwa nimempa yeye. Nilipokaa ndipo nikaona kwamba ukiwa pale huoni mguu wa mtu hata mmoja. Miezi miwili mtoto wa watu alikuwa anafuata migongo.

Siku ya kwanza tulikanyaga mara tatu tukasimama, mara mbili tukasimama. Siku ya pili vile vile. Sikujua kwamba kungoja kunauma kwenye paja. Mguu wangu ulikuwa unataka kuondoka peke yake, na nililishika goti kwa mikono kama mtu anayezuia mbwa asitoke getini. Wiki ya pili Aziza aliacha kuguna. Ikafika siku nikasikia kitu: mguu wa Konsolata ukitaka kusita, kabla haujasita, mwendo unapungua kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Na wasichana wote walikuwa wameshakisikia kabla yangu. Walikuwa wanapungua naye. Gurudumu lake likawa halina haja ya kurudi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimkimbia. Mabega yao yalikuwa yameshuka. Ulikuwa ule ule utulivu wako, Fundi. Nilikuwa sijausikia tangu ulipoacha kuamka.

Halafu ikaja Alhamisi ile. Zena alikuwa ameniarifu kwamba atakuja na mtu wa Remera kuziona mashine, kwa hiyo nilivaa kanzu safi na sikuwa na raha. Tuko katikati ya miguu, tumeanza viganja, na huko chini barabarani kikalipuka kitu. Mpaka leo sijui kama lilikuwa gurudumu la lori au kitu kingine. Siku hizi tunaiuliza redio kabla ya kuuliza mtu. Mashine zote zikanyamaza pamoja.

Nikasema moyoni, basi, wataondoka, na safari hii hata firimbi sijapuliza. Nilimtazama Konsolata mgongoni. Ulikuwa mgumu kama ubao. Hakuna aliyesimama. Aziza alikuwa na mguu juu ya kanyagio, hakukanyaga na hakuuondoa. Wenzake wote watano, hivyo hivyo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba walikuwa wanamngoja.

Sikuhesabu ni muda gani. Niliona bega lake la kushoto likishuka, halafu la kulia. Mguu ukakanyaga. Gurudumu likasita, likataka kurudi, likaenda. Aziza akaingia, akaingia mwingine, mpaka wakawa wote, na kwenye mkanyago wa nne viganja vikagusa meza, kidogo kabisa. Siwezi kukudanganya kwamba hawakuogopa. Mimi mwenyewe kanzu ilikuwa imenigandia mgongoni. Lakini walikuwa na hofu yao na bado wanasikilizana, na mwalimu wao alikuwa kule nyuma pembeni, wa mwisho kuingia, kama zamani.

Zena alikuwa mlangoni na mgeni wake. Sijui walifika saa ngapi. Yule bwana alizitazama meza tupu, akashangaa, "Hawa wanashona nini? Uzi iko wapi?"

Zena alikuwa anakitazama kiti cha mbele. Halafu akainama, akavua viatu vyake vya ofisini, akaviweka pamoja na vya wasichana.

"Rudi baada ya Ramadhani, mzee," akamwambia.

Ramadhani, Fundi, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imepita! Yule bwana akahesabu miezi kwenye vidole, vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaanza wa pili, akaondoka.

Binti yako alisimama ukutani bila viatu mpaka robo saa ikaisha. Hakuniahidi kitu, nami sikumwomba ahadi. Aliniuliza swali moja tu wakati anavaa: "Na mama mwenyewe, alipoanza kujifunza, alikaa kiti gani?"

Nikamwambia sijui. Tangu siku hiyo najiuliza. Nani alikungoja wewe? Ulikuwa na mguu gani? Chai zote zile, na sikuwahi kuuliza, nilikuwa nausimulia wangu. Hili ndilo linalonirudia saa nne ikifika, kuliko hata kiti chako kilicho kitupu. Aliyenisubiri sasa namjua, na sina tena wa kumwambia kwamba nimefika.

Wasichana wamekuwa wanane. Wa nane ameanza juzi, na mguu wake, Mungu atusaidie, unafanana na wangu. Keshokutwa itabidi nimsogeze Konsolata nyuma ili kiti kipate mwenyewe, na sijajua nitasingizia nini. Mwanga umehama, labda.

Ah, na hili nusura nilisahau. Jana shangazi wa Konsolata alikuja kutoka Kagugu na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, kunishukuru. Akasema mtoto amebadilika, analala, anakula, na jioni anawasimulia nyumba nzima. "Anasema wewe ndiye ulimtoa nyuma ukamweka mbele, Fundi, wote wafuate mguu yake. Kumbe ndiye bora wa darasa!"

Aziza alikuwa pale anapiga pasi. Aliniangalia. Nilimwangalia. Nikachukua birika nikamiminia mgeni chai, taratibu, mpaka juu.

Sikukohoa, Fundi. Wala Aziza.

Karatasi inakwisha. Ukurasa huu wa mwisho Konsolata ameushona wiki hii, na matundu yake ukiyainua dirishani yamenyooka. Si sana, kuna mahali yamesita, lakini hayakurudi. Nitaikunja barua niiweke kwenye droo ya mashine yako, chini ya bobini za uzi, mahali ulipokuwa ukificha pipi zako ukidhani hatujui.

Ninakuahidi mawili. Kiti cha mbele hakitakaliwa na fundi, wala na mwepesi, kwa siku zote nitakazoshika ufunguo huu. Na Konsolata hatalisikia kwangu mpaka azeeke na tumbo kama langu, akijisifu harusini mwa watu.

Uache mguu wako upumzike sasa. Kazi tumeipokea.

Sudi,
wa kiti cha mbele